Hereni ya Pili

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichoruhusiwa kukaa uchi. Makochi yalivaa vitambaa vya kufuma mgongoni na mikononi. Televisheni ilivaa, hata siku ambazo haikuwaka, nazo ndizo zilikuwa nyingi. Redio ilivaa. Meza ilivaa kitambaa kikubwa, juu yake kitambaa kidogo, juu yake glasi yenye ua la plastiki, na ile glasi nayo ilifungwa kitambaa kiunoni. Mgeni aliyekaa sana bila kujitikisa aliondoka akijikagua.

Fundi wa mavazi hayo alikuwa Mama. Mtaa ulimwita Mama Vitambaa, naye aliitikia kama mtu aliyeitwa profesa. Alifuma kulipopambazuka, alifuma sufuria ikiwa motoni, na muda wote aliofuma alisema. Alisema juu ya jogoo wa jirani asiyejua saa, juu ya fundi bomba aliyekuja kuziba tone akaacha mto, juu ya marehemu mume wake aliyefariki bila kumaliza kupaka rangi ukuta wa jikoni. Sindano yake ya kufumia, ile yenye ncha iliyopinda kama ndoana, ilikwenda sambamba na ulimi. Mtu asingejua kipi kinavuta kipi.

Binti yake alizaliwa kujaza nafasi zilizobaki katika mazungumzo hayo, na nafasi hazikuwepo. Basi akakua bila kusema. Watu walimwita Samahani, kwa kuwa ndilo neno lililomtoka kuliko yote. Akipita mbele ya watu, samahani. Akikanyagwa mguu, samahani. Siku moja aligonga kabati kwa bega akaliomba radhi, na kabati, likiwa limevaa vizuri na lina heshima zake, likamsamehe. Shule na yeye waliachana kabla ya darasa la mwisho, bila ugomvi, maana ugomvi unahitaji watu wawili wanaosema.

Binti mkimya namna hiyo hakosi wa kumtamani. Mjomba, kaka yake Mama, alikuwa na nyumba kubwa, mke mwenye kucha ndefu zisizopatana na sabuni, na watoto wadogo kama utitiri. Akaja siku moja, akakaa ukingoni mwa kochi asije akavuruga kitambaa, akakohoa kikohozi cha mtu anayeleta neema.

“Dada, huyu mtoto anakaa tu hapa. Nipe mimi. Ataishi kwangu kama mwanangu.”

Samahani alilijua lile neno “kama”. Binti wa jirani alikwenda kuishi kama mtoto wa mtu, akarudi ana viganja kama magunzi. Watoto wa mtu hukaa mezani. Walio kama watoto huleta sahani.

“Atafanya nini huko?” Mama aliuliza.

“Atamsaidia wifi yako kidogo. Wadogo wale, nguo mbili tatu, jiko. Vitu vidogovidogo.”

“Vitu vidogovidogo,” Mama alirudia, akivuta uzi. Kwa wifi yake hakuwa na hamu, lakini kwa binti asiye na kazi hakuwa na jibu. “Sikiliza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi njoo. Kama hatakuwa na kazi inayoeleweka, umchukue.”

“Kazi gani atapata huyu, dada? Ya kuomba radhi?” Mjomba alicheka, akangoja kuungwa mkono, akaendelea kucheka mwenyewe.

Samahani alitaka kusema kwamba hataki kwenda, kwamba afadhali alale chini ya meza ile yenye nguo nyingi kuliko kuwa kama mtoto wa Mjomba. Akafungua mdomo. Likatoka lilelile.

“Samahani,” alisema, akaenda kuleta chai.

Wokovu ulimjia kwenye saluni ya mtaani, mahali ambapo kwa kawaida huja harufu ya nywele zinazoungua. Mama alimtuma apeleke vitambaa vya kuvisha vichwa vya viti. Akiwa anamngoja Msusi amalize kichwa cha mteja, akaokota gazeti la picha lililopoteza jalada, akamwona mwanamke aliyevaa hereni za lesi. Ua dogo la uzi, katikati tundu, pembeni petali nyembamba kama mabawa ya kumbikumbi. Samahani akasogeza picha karibu na pua. Alichokiona pale alikifahamu toka utotoni: kilikuwa kitambaa cha kochi kilichopunguzwa kiburi.

“Hizi naweza,” alisema.

Msusi aligeuka kumtafuta aliyesema. Akatazama mlangoni, akamtazama mteja, mwisho ndipo akamtazama yeye. “Wewe una sauti?”

“Samahani.”

“Usiombe radhi, lete nizione. Zikiwa za maana, lile kabati langu la kioo pale mlangoni nitakupa. Nina machanuo mabovu tu mle. Utapanga vitu vyako, utaweka kiti, utafumia hapahapa. Kazi inayoonekana na watu.”

Samahani akarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa hadi ukingoni.

Kufuma alijua. Katika nyumba ile mtoto alijifunza kufuma kama wengine wanavyojifunza kutambaa, ila kwa kuchapwa vidole. Lakini kitambaa cha kochi ni kazi ya jembe, na hereni ni kazi ya kutoa kibanzi jichoni. Uzi ni mwembamba, sindano ni nyembamba, na kitanzi kikikukimbia hukioni kilipoelekea. Hereni yake ya kwanza aliianza na nia ya ua la gazetini, mkono wake ukaendelea kwa mazoea, mzunguko juu ya mzunguko. Alipojitazama kwenye kioo, kile kitu kilitoka sikioni kikashuka hadi begani, na pale begani kikapumzika.

Mama alikiinua kwa ncha ya sindano yake.

“Sikio lako ni kochi?”

“Hapana, Mama.”

“Nimeuliza tu. Maana kama ni kochi niambie tukalivishe na la upande wa pili, tukuweke sebuleni, wageni wakukalie. Lesi ni ya kupamba nyumba, mwanangu. Tangu lini kitambaa kikaning'inia kichwani mwa mtu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba?”

Samahani akapunguza mizunguko. Ua likawa dogo, lakini lilijikunja kama sikio la mbwa anayesikia jina lake. Lilihitaji kukazwa. Mama alivikaza vitambaa vyake kwa maji ya sukari, akavikausha juu ya bakuli hadi visimame kama ukosi wa askari, na Samahani akaona kinachofaa bakuli kitafaa sikio. Akachovya, akakausha, akavaa, akajilaza kidogo mchana ajione akiwa mtu mwenye hereni. Alipoamka, sisimizi walikuwa wamefungua njia kuu kutoka dirishani, kupitia mto, hadi shingoni.

“Usiwafukuze,” Mama alimwambia, huku akimpangusa kwa ncha ya khanga. “Angalau wateja wamepatikana.”

Baada ya hapo alitumia maji ya wanga, ambayo sisimizi hawakuyapenda, na siku hiyohiyo akapata jozi ya kwanza iliyostahili kuitwa jozi. Aliipeleka saluni imefungwa kwenye karatasi ya chai. Msusi akazilaza hereni kiganjani, akazigeuza, akakunja uso.

“Nzuri. Lakini hizi ni ndugu wa kambo. Tazama hii, imebana, petali zimesimama. Hii nyingine imelala, petali zimetawanyika kama watu waliokula wakashiba. Uzi mmoja?”

“Ndiyo.”

“Sindano moja?”

“Ndiyo.”

“Basi ni mkono. Hii iliyobana uliifuma ukigombana na nani?”

Samahani hakuwahi kugombana na mtu. Lakini njiani kurudi nyumbani alifikiri, akakumbuka. Hereni iliyobana aliifuma Mama akiwa sebuleni anamshughulikia fundi bomba. Iliyolala aliifuma Mama akiwa amekwenda dukani kununua uzi. Kesho yake akajaribu tena, akachunguza vidole vyake kama mtu anayemchungulia jirani. Kweli. Mama akisema, mabega yake yalipanda yenyewe, kidole cha shahada kikaukaza uzi, na vitanzi vikatoka vidogo, vimesimama wima kama wanafunzi mwalimu akiingia. Mama akitoka, mabega yalishuka, pumzi ikashuka, na vitanzi navyo vikajinyoosha.

Wafumaji wenye akili zao hutafuta mahali penye utulivu. Samahani akaanza kutafuta kelele.

Bahati nzuri hakuwa na safari ndefu. Alichukua kigoda akakaa miguuni pa Mama, na hereni zikaanza kulingana. Jozi mbili tatu zikaenda saluni, Msusi akazipokea bila kukunja uso, kisha akamwita pembeni.

“Kuna bibi harusi anakuja kusukwa Jumamosi hii asubuhi. Anataka kidani na hereni za lesi, rangi ya maziwa kama gauni lake. Ukiniletea vinavyolingana, kabati ni lako siku hiyohiyo. Ukiniletea ndugu wa kambo, dada, mimi siwezi kumvisha bibi harusi mgogoro wa familia. Kabati nitampa muuza rangi za kucha, ananisumbua kila siku.”

Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa Jumamosi ya Mjomba. Mabaya yana adabu ya kuja pamoja yasimsumbue mtu mara mbili.

Mwanzo wa wiki ulikwenda vizuri kupita kiasi. Kidani kilifumwa jogoo wa jirani akisimangwa. Hakikuwa na taabu, maana kidani hakina pacha, hata kikilegea hakuna wa kukisengenya. Hereni ya kwanza ilifumwa Mama akisimulia ukuta wa jikoni ambao haukupakwa rangi, hadithi ambayo Mama aliijua kwa moyo na aliitoa kwa uchungu mpya kila mara. Ikatoka safi. Ua dogo, kila petali imesimama. Samahani aliitundika kwenye msumari ukutani, akaitazama, akachukua bonge la uzi aanze ya pili, akakuta bonge ni karatasi tupu ya katikati na nyuzi chache zinazoona haya.

Dukani palikuwa na uzi mweupe wa kuumiza macho, na uzi wa njano kama homa. Rangi ya maziwa hapakuwa. “Labda wiki ijayo,” muuza duka alisema, kwa furaha ya mtu asiye na mjomba.

Akarudi, akasimama katikati ya sebule, akaangaza macho. Makochi, meupe. Meza, nyeupe. Redio.

Redio ilivaa kitambaa cha zamani, chembamba kuliko vyote, uzi wa rangi ya maziwa hasa. Mama hakuwepo. Samahani alikishika ukingoni, akatafuta fundo la mwisho, akalikata. Kufuma ni kazi, kufumua ni raha, ndiyo maana dunia ina wafumuaji wengi. Kitambaa kilikimbia mikononi mwake, tr, tr, tr, mpaka pakabaki redio peke yake na vumbi lake. Uzi ulitoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa mabutu, kwa hiyo akauloweka, akauzungusha mgongoni mwa kiti na kuning'iniza kijiko kizito unyooke.

Mama aliingia na kikapu. Hakuhitaji hata kutua mzigo.

“Nani ameivua redio nguo?”

“Samahani, Mama.”

Mama alitazama redio, akatazama kiti, akatazama kijiko kinavyoning'inia. Akasogea, akaugusa uzi uliolowa kwa ncha ya kidole.

“Hiki nilikifuma nikiwa na mimba yako,” alisema.

Samahani alikunja mabega kungoja yanayofuata. Hayakufuata. Mama alikaa kwenye kochi lake, akachukua sindano yake, akafuma. Kimya.

Alinyamaza jioni ile. Alinyamaza kesho yake. Mtaa ulitaharuki. Jirani mwenye jogoo alikuja kuchungulia mlangoni akanong'ona, “Mama yako mgonjwa? Tokea asubuhi sijatukanwa.” Fundi bomba alipita mara mbili bila sababu. Hata jogoo mwenyewe aliwika kwa mashaka, kama mtu anayeuliza.

Na hereni ya pili ikalala. Samahani aliifuma, ikatoka pana, legevu, petali zimetandaza miguu. Akaifumua. Akaifuma tena huku akikaza meno, ikatoka imebana upande mmoja na kulegea upande wa pili, kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Akaifumua. Mkono haudanganyiki. Ulikuwa unajua kabisa kwamba nyumba ni kimya.

Basi yule binti aliyeomba maisha yake yote kelele zikome, akaanza kuziwinda kama paka. Aliweka kikombe cha moto moja kwa moja juu ya mbao ya meza, mahali ambapo hata mgeni wa heshima angeuawa kwa macho. Mama alikinyanyua, akaweka kitambaa, akakirudisha. Alikalia mkono wa kochi. Mama alihamia kochi jingine. Aligeuza vitambaa vyote vya sebule ndani nje, akakaa kungoja dunia iishe, na Mama akapita akivigeuza kimoja kimoja, taratibu, kama nesi katika wodi. Siku ya Ijumaa aliiacha chai ichemke hadi izime moto. Mama alipangusa jiko, akakunja kitambaa cha kupangusia, akakitundika. Midomo yake ilikuwa imefungwa kama pochi ya bahili.

Jumamosi ikafika, kwa kuwa Jumamosi haina huruma.

Begi la Samahani lilikuwa karibu na mlango. Alilifunga mwenyewe. Lakini alipoamka alilikuta limetandikwa kitambaa juu, kimenyooshwa pembe zote, na hakukuwa na haja ya kuuliza ni kazi ya nani. Mama alikuwa amekaa dirishani, kaupa mgongo mlango, anafuma. Kidani kilikuwa tayari. Hereni ya kwanza ilikuwa tayari. Kwa ile ya pili palikuwepo tundu la katikati, basi. Saluni ilikuwa inafunguliwa, bibi harusi alikuwa anaoshwa nywele, na Mjomba popote alipokuwa alikuwa anatafuta funguo za gari.

Samahani alikaa kwenye kigoda. Akashika sindano. Akafungua mdomo.

“Mama.”

Kimya.

“Samah...” Akalimeza. Lilikuwa neno gumu kumeza, lilimkwama kama mfupa, lakini lilishuka. “Mama, vitambaa vya mke wa Mjomba vimesimama kuliko vyako.”

Sindano ya Mama ilisimama.

Palikuwa na muda mdogo ambapo hata ua la plastiki lilionekana kushika pumzi. Kisha Mama akageuka, kochi zima likageuka naye.

“Vya nani?”

“Vya mke wa Mjomba.”

“Vya yule? Yule anayefumiwa na watu akasema kafuma yeye? Yule mwenye kucha kama uma, atashikaje sindano, kwa miguu? Vimesimama! Si lazima visimame, kamwagia sukari yote ya nyumba, ukikikalia kitambaa chake unainuka nacho! Nilikwenda kwake mimi, nikaegemea kochi, kurudi nyumbani naambiwa Mama Vitambaa umebeba nini mgongoni! Na wewe ndiye wa kuniambia! Wewe niliyekufundisha kitanzi cha kwanza umekaa mapajani mwangu, unaninyonya uzi kama tambi!”

Mabega ya Samahani yalipanda hadi masikioni. Kidole cha shahada kikakaza. Petali ya kwanza ikatoka, ndogo, wima. Petali ya pili ikafuata. Alikuwa hajawahi kufurahi namna ile kwa kutukanwa. Mama alipovuta pumzi, akaogopa atanyamaza, akatupia kuni.

“Halafu vyake havikusanyi vumbi.”

“Vumbi! Vumbi litakaa wapi kwenye nyumba ambayo hata mtu hana pa kukaa? Vumbi lenyewe linachagua! Mtoto wewe umeivua redio yangu hadharani, ukanyamaza, leo umepata ulimi, na ulimi wenyewe umeenda kuuazima kwa wifi...”

Akakoma. Macho yake yalikuwa yamefika kwenye mikono ya binti yake. Akaitazama sindano inavyokimbia. Akanyoosha mkono.

“Lete.”

Samahani akampa. Mama akaichukua ile ya kwanza kutoka kwenye msumari, akaziweka pamoja kwenye mwanga wa dirisha, akafinya jicho moja. Alikuwa mfumaji kabla ya kuwa mama wa mtu, na vitanzi alivisoma kama wengine wanavyosoma sura.

“Hii ya ukutani uliifuma lini?”

“Ulipokuwa unasema ukuta wa jikoni.”

“Na hizi petali?”

“Sasa hivi.”

“Na siku zote hizi nilizonyamaza?”

“Mkono unalegea, Mama. Ukinyamaza mkono unalegea.”

Mama alifikiri juu ya jambo hilo. Alionekana kama mtu aliyegundua kwamba mvua yake iliyolaumiwa miaka yote ilikuwa inaotesha kitu shambani kwa jirani.

“Kwa hiyo nimekuwa injini yako,” alisema. “Nagombeza bure kumbe nafanya kazi.” Akamrudishia hereni. “Nyoosha mgongo. Nilikuwa nimefika wapi?”

“Kwenye ulimi wa kuazima.”

“Enhe! Ulimi wa kuazima!”

Akaendelea. Lakini hasira ya kuombwa ni kama usingizi wa kulazimishwa. Alitafuta makosa, akapata machache, akayarudia, na katikati ya kuyarudia ulimi ukateleza. “Mtoto mvivu, hana hata aibu, na vidole vyenyewe ni vyangu hivi, tazama anavyogeuza uzi, hata mimi kwa umri wake nilikuwa sijaweza...”

“Mama, usinisifu!”

“Nani anakusifu?”

“Petali imelegea.”

“Fumua!” Mama alifoka, kwa aibu ya kweli, na hiyo ikasaidia kidogo.

Hapo honi ikalia nje. Mjomba aliingia bila kubisha, akiwa na miwani ya jua na tabasamu la mtu anayekuja kuchukua kilicho chake. Akaliona begi. “Naam! Mzigo tayari? Twende mapema, wifi yako ana wageni, vyombo vimejaa huko mpaka—”

“Kaka,” Mama alisema, na sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu mwenye njaa aliyeona sinia. “Karibu. Ulikuwa unahitajika sana.”

Kilichomkuta Mjomba asubuhi ile alikisimulia baadaye kwa kifupi, maana kwa kirefu kingemvunjia heshima. Mama alianzia utotoni, kwenye ndoo ambayo kaka mtu aliipasua akamsingizia mbuzi. Akapita kwenye harusi yake, ambako dada mtu alikaa nyuma ya nguzo. Akafika kwenye vyombo.

“Vyombo vimejaa! Umekuja na gari kuchukua mikono ya kuoshea! Mkeo kucha zake zimeajiriwa wapi? ‘Kama mwanangu’! Wanao wenyewe wanajua kufunga kamba za viatu? Siku ukiwa na mtoto wa kama, uwe na mama wa kama, mimi wangu ni wa kweli!”

“Lakini dada, tulikubaliana, kama hana kazi...”

“Hana kazi? Unamwona anafanya nini, anakuna kichwa?”

Mjomba aliangusha macho kwenye kigoda. Miwani ikamteleza hadi puani. Samahani alimwona, na kitu kikampanda kutoka tumboni, kikafika kooni, akacheka. Hakuwahi kucheka kwa sauti ndani ya chumba kile. Mabega yakashuka, pumzi ikashuka, na kitanzi kilichofuata kikatoka kikubwa kama dirisha.

Mama hakugeuza hata shingo. Alikiona kwa pembe ya jicho, kama wapishi wanavyoona maziwa yanataka kufurika.

“Na wewe unachekelea nini? Fumua hicho kitanzi! Bibi harusi anakungoja na kichwa kibichi, wewe unaonyesha meno!”

Mabega yakapanda. Petali ya mwisho ikasimama wima.

Mama mwenyewe aliichovya kwenye wanga, akaiweka kati ya vitambaa viwili, akapitisha pasi mpaka ikakauka, akipuliza na kulaani kwa zamu. Kisha akamtazama kaka yake. “Gari si unalo? Tupeleke saluni.” Mjomba akaendesha bila kusema neno. Njia nzima alielezwa namna ya kuendesha.

Saluni ilijaa mvuke na wapambe wa harusi. Bibi harusi alikuwa amekaa mbele ya kioo, shingo tupu, uso wa mtu aliyeanza kuhesabu maadui. Msusi alizilaza hereni kiganjani, akazigeuza, akazisogeza mwangani.

“Baba mmoja,” Msusi alisema.

“Na mama mmoja,” Mama aliongezea. “Huyo ndiye mwenye shughuli.”

Hereni zikaingia masikioni, kidani kikalala shingoni, na bibi harusi akajigeuza kushoto na kulia, sikio la kulia likafanana na la kushoto. Mpambe mmoja akauliza nani kazitengeneza, kwa kuwa naye ana masikio. Wote wakatazama huku na huku. Samahani alihisi lile neno linakuja, akalisubiri kidogo lipite.

“Mimi,” alisema. Halikuwa neno kubwa, lakini lilisikika hadi kwenye mashine ya kukaushia nywele.

Msusi alifungua kabati la kioo, akakusanya machanuo mabovu, akampa ufunguo. “Leta kiti chako Jumatatu.”

“Viwili,” Samahani alisema.

“Viwili vya nini?”

Samahani alimtazama Mama. Mama alitazama dari, kama mtu asiyehusika. Msusi akaelewa, akafumba macho, akayafumbua, akaonekana kuyapima masikio yake na biashara yake. Mjomba alikuwa bado mlangoni, amesahauliwa. Mama alichomoa kwapani kile kitambaa kilichokuwa juu ya begi, akamtia mkononi.

“Mpelekee wifi yangu. Mwambie akiguse polepole, hiki ni cha wanga, hakina sukari.”

Kisha akakaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, ambacho kilikuwa cha mteja, akalitazama lile kabati la kioo toka juu hadi chini, na akavuta pumzi ndefu.

“Liko uchi,” alisema.

Samahani akaketi chini karibu naye, akatoa sindano.